Mlio Mmoja Mrefu

Mpaka leo siwezi kushika mkonga wa simu ya ofisi kabla sijaufuta. Watu hudhani ni usafi. Ni kinyaa, na kinyaa hicho nilikipata kwenye waya mmoja uliotoka Tabora kwenda Sikonge hadi Ipole, ukifuata njia ile ile waliyopita wapagazi wa zamani.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, nimepanga chumba mtaa wa Chemchem, na kazi yangu ya kwanza katika ofisi ya mkoa ilikuwa kuzipangia simu milio. Waya ulikuwa mmoja, simu nyingi: ghala la tumbaku, ofisi ya katibu tarafa, shule, kijiji kipya cha ujamaa, na mwisho kabisa zahanati ya Ipole. Opereta wa Tabora akizungusha mashine yake, kengele zote zililia kwa pamoja. Kwa hiyo kila simu ilipewa mpangilio wake wa milio mirefu na mifupi, na mtu alitakiwa kusikiliza mpaka mwisho ndipo ajue kama anaitwa yeye. Akiinua mkonga mapema, kengele za wengine hunyamaza.

Ni jambo dogo, lakini mimi nililiwaza mpaka chakula kikanishinda. Je, mkunga akiwa anazalisha, ataweza kuhesabu milio? Je, akichanganya? Je, mtu akifa kwa sababu mimi nimepanga mrefu mahali pa mfupi? Mwishowe nikaipa zahanati mifupi mitatu, na wengine wote nao nikawapa mitatu mitatu, kila mmoja kwa mpangilio wake.

Kikao cha kupitisha milio hiyo kilifanyika Sikonge, ofisini kwa meneja wa ghala. Simu yake ilikuwa mezani. Alikuwa mtu wa ugoro, na kwenye mkonga, pale pa kusemea, palikuwa na utando wa kahawia uliokauka juu ya utando mwingine. Nilijitahidi kutopatazama.

"Ndugu msomi," akaniambia, "mimi wangu uwe mmoja mrefu. Nikiusikia, nimejua."

"Tatizo, mzee, ni kwamba milio mingine nayo huanza na mrefu. Utainua kabla haijaisha."

"Nikiinua si nitasema siyo yangu? Kusema siyo yangu nako kunahitaji digrii?"

Wakacheka. Katibu tarafa, ambaye asubuhi nzima alikuwa ametuhubiria usawa, akajiweka sawa kitini. "Basi na mimi mmoja mfupi. Serikali haiwezi kukaa inahesabu kengele kama mtoto wa darasa la kwanza."

Nikasimama. Nikaeleza kwamba kila mlio lazima uanze ama na mrefu ama na mfupi, na wakubwa hawa wawili wakishachukua yote miwili, hakuna mwingine atakayeitwa mpaka mwisho. Zahanati haitapatikana.

"Huyu kasoma mpaka kapitiliza," meneja akamwambia katibu. "Mpeni chai."

Milio yao ikapitishwa hivyo hivyo. Mkunga hakuwepo. Hakualikwa.

Baada ya muda nilikwenda Ipole kukagua betri ya simu. Mkunga alikuwa mama wa mjini Tabora, ameletwa huko na kazi, na simu yake aliitundika ukutani imefunikwa kipande cha khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta betri au umeleta pole?"

Ndani kulikuwa na mwanamke aliyeshikwa na uchungu tangu jana yake, na mtoto hatoki. Mkunga alikuwa ameomba gari la hospitali, akaambiwa asubiri, atapigiwa. Basi tukasubiri, macho ukutani. Kengele ikalia mfupi mmoja, ikakatika. Kimya. Ikalia tena mfupi mmoja, ikakatika. Mkunga akainua mkonga, akauelekeza upande wangu ili nami nisikie. Katibu tarafa alikuwa ameshapokea, opereta ameshakata, na meneja naye yumo. Walikuwa wanazungumzia asali.

"Ile ya juzi ilijaa nta," meneja alikuwa anasema. "Safari hii waambie waichuje."

"Samahanini, ndugu zangu," mkunga akasema. "Ni zahanati. Nina mzazi hapa, hali yake mbaya. Simu ile ilikuwa yangu."

Nikasikia mtu anatema.

"Mama," meneja akasema, "wako ni mifupi mitatu."

"Hamjaiacha ifike mitatu, baba."

"Basi subiri ifike."

Wakarudi kwenye asali. Mkunga akauning'iniza mkonga taratibu, akatoka nje kusimamisha lori la tumbaku lililokuwa linapita. Dereva akapanga marobota, tukampandisha mzazi juu yake. Mimi nilishika khanga iwe pazia, nikitazama pembeni, huku harufu ya tumbaku ikinikaba koo. Mtoto alizaliwa kabla hatujafika Sikonge. Alilia. Mama yake naye alipona.

Katika kikao kilichofuata meneja alisimulia habari hiyo kama yake. Lori la ghala, alisema, limeokoa roho mbili, na huo ndio ujamaa wa vitendo. Watu wakapiga makofi. Kisha katibu tarafa akauliza zahanati ina simu ya nini, maana opereta analalamika kwamba kila akipiga Ipole hapokei mtu. Nikafungua mdomo. Akaniambia nikae. Wakakubaliana simu ile ihamishiwe nyumbani kwa meneja, ili akihitajika kutuma lori apatikane upesi. Na mimi ndiye niende nikaifungue.

Mkunga hakunilaumu. Alinishikia bisibisi wakati nikishusha simu. Mkonga ulikuwa unang'aa, kwa sababu aliufuta kila siku kwa kitambaa chenye sabuni, akiungoja mlio wake.

"Niachie msumari, mwanangu," akasema. "Nitatundika taa."

Niliifunga nyumbani kwa meneja siku hiyo hiyo. Aliingiza ugoro mdomoni, akainua mkonga kuujaribu, akaunusa, kisha akauweka mbali na uso.

"Hii mbona inanuka sabuni?" akaniuliza.