Korongo wa Shaba Ukutani kwa Nabwire

Shaba ukiishika kwa mkono wenye jasho inanuka kama damu ya puani. Juzi mjukuu wangu Akoth alinipa sahani ya shaba nimshikie huku akigongelea msumari kwenye ukuta wa nyumba yake mpya hapa Busia. Harufu ile ilipopanda kutoka viganjani mwangu, nikanuna.

"Nyanya, haikupendezi?" akauliza.

Nikamwambia inapendeza, agonge msumari wake. Na kweli inapendeza. Ina samaki wa kijani, rangi ya kioo kilichoyeyushwa motoni mpaka kikashikana na shaba. Ila mimi nimewahi kuona sahani nyingine.

Nilizaliwa Kirewa, upande wa Uganda, mtoto wa mke mkubwa, na hilo nalisema nikiwa nimenyoosha shingo. Baba alifanya kazi ya kuchimba mawe kule vilima vya Osukuru, akirudi Jumamosi na vumbi kwenye nyusi. Mwaka ule alioa mke wa pili, Nabwire, msichana wa Buhehe mwenye mwanya na kicheko cha kusikika mpaka kisimani. Mama alimpokea vizuri tu. Lakini Krismasi ilipokaribia, Baba alirudi amekumbatia kitu kilichofungwa kwa gunia, amekinunua kwa mchuuzi wa upande wa Kenya, akapita mlango wetu akakipeleka kwa Nabwire. Ilikuwa sahani ya shaba, na juu yake korongo mwenye taji, wa bluu ambayo mimi nilikuwa nimeiona kwa kereng'ende tu.

Sisi watoto wa nyumba kubwa tukaenda kuichungulia ilivyotundikwa ukutani.

"Tazameni kwa macho," Nabwire akasema. "Mikono iacheni kwenu."

Tumbo likanichoma kama nimekunywa magadi.

Kilichouma zaidi kilikuja jioni. Kwetu wageni wa Krismasi walikula nyumbani kwa mke mkubwa, na heshima yote ya Mama ilikaa hapo. Baba, akiosha miguu, akasema bila kumtazama, "Mwaka huu wageni watakaa kwa Nabwire. Kule kuna kitu cha kutazama." Mama akaendelea kupepeta mtama. Mlio wa ungo tu ndio uliobadilika.

Basi kabla ya sikukuu wanawake wa boma moja walisiriba kuta pamoja kwa matope na mavi ya ng'ombe, kisha wakachora kwa udongo wa rangi. Hakuna aliyesiriba peke yake, maana tope hukauka hujafika nusu. Nilidhani Mama atakataa kukanyaga kwa Nabwire. Kumbe alikuwa wa kwanza kufika. Nabwire hakujua kuchora, mistari yake ilipinda kama njia ya mlevi.

"Dada, nisaidie kidogo tu, hapo pembeni mwa ndege."

"Nitakusaidia, mdogo wangu," Mama akajibu, kwa sauti tamu ambayo sisi aliotuzaa hatukuwahi kuonjeshwa.

Akamwacha korongo pale pale kwenye msumari. Akamzungushia kinamasi: matete ya udongo mweusi, maji ya udongo mweupe, kiota na mayai yake, mpaka ukuta wote ukawa bonde letu wakati wa mvua. Alichora kwa vidole, macho ya vyura akayabonyeza kwa kidole gumba. Mimi nilikuwa nachota maji huku nalia kwa hasira. Nikamuuliza mbona anampambia yule.

"Chota maji, Athieno," akasema.

Siku ya Krismasi wageni wakaketi, wakainua macho. Mjomba wa Baba, mzee ambaye kwa kawaida alisifu nyama tu, akauliza, "Kinamasi hiki kachora nani?"

"Ndege ni wa shaba, katoka Kenya," Nabwire akasema.

"Ndege nimemwona, mwanangu. Nauliza kinamasi."

Mpaka kuku anaisha, Mama alikuwa akiitwa kutoka jikoni aeleze udongo mweupe kaupata wapi. Korongo alibaki kama mgeni aliyepotea, anangoja kuonyeshwa njia.

Sikukuu ilipopita Nabwire akamtoa ndege, akamficha chini ya kitanda. Mambo yakawa mabaya zaidi. Katikati ya matete pakabaki duara tupu, na kila aliyeingia aliuliza hapo palikuwa na nini. Akamrudisha. Krismasi iliyofuata Baba, akiosha miguu, akasema wageni watakaa kwetu. Safari hii alimtazama Mama.

Wanawake wa kanisani walimsifu Mama kwa roho safi, eti kampambia mke mwenzake nyumba. Nami niliamini hivyo miaka mingi, nikajaribu kuwa na roho kama hiyo, ikanishinda. Mpaka nami nikaletewa mke mwenzangu, nikasimama mbele ya ukuta wake na ndoo ya udongo, ndipo vidole vyangu vikanieleza. Mama hakuwa na roho safi hata chembe. Alikuwa na wivu kama mimi, ila wivu wake ulijua kazi.

Sasa ukuta wa Akoth ni wa simenti, umepakwa rangi ya maziwa, na fundi kasema usiguswe. Samaki wake ananing'inia pale bila maji, na kila mgeni anamsifu. Nimemwagiza mtoto wa dada yangu aniletee udongo mweupe kutoka Kirewa, kidogo tu. Akoth akiuliza, nitamwambia ni dawa ya kiungulia.