Ile Moja Iliyobaki

Mimi ni fundi cherehani, na tangu ujana wangu ni mwanamume wa korodani moja. Nalisema hili mapema ili msomaji akitaka kuona haya aone sasa, kisha tuendelee.

Ya kulia ilikwenda kwa ujinga wetu wenyewe. Nilikuwa juu ya mkarafuu, ikajipinda, na maumivu yakaniteremsha kabla pishi yangu ya karafuu haijajaa. Nyumbani wote wakasema ni mshipa. Kwetu Pemba kila kinachomuuma mwanamume chini ya kitovu ni mshipa, na kila mtu ana dawa yake. Nikafungwa majani, nikanyweshwa mizizi, nikasomewa na kupuliziwa. Nilipofikishwa hospitali ilikuwa imekwisha kufa, wakaitoa. Nikapona, nikajifunza kushona, nikaoa, na mke wangu nikamwambia kabla ya ndoa. Akasema moja inatosha, hata Adamu hakuwa na wake wawili.

Tulikuwa bado tunangoja mtoto pale nilipokuwa naoga na mkono wangu ukagusa kivimbe kwenye ile iliyobaki. Kilikuwa kigumu kama punje ya kunde, na hakiumi hata kidogo. Huko kutouma ndiko kulikonitisha. Nilinyamaza, nikaendelea kushona, lakini kanzu ya mtu nikaikata mkono mmoja mrefu kuliko mwenziwe, na wali wa nazi nikauacha sahanini. Mke wangu akanibana mpaka nikasema.

"Safari hino hapana majani," akaniambia. "Kesho hospitali."

Mtaani tukasema nina ngiri. Ngiri ni maradhi ya heshima, mtu hukuombea dua na hakuulizi zaidi.

Daktari aliyenipima pale hospitali ya Chake Chake alikuwa mpole na mkweli. Alisema uvimbe mgumu ndani ya korodani haufanyiwi mzaha, mara nyingi huwa saratani, na dawa yake ni kuitoa korodani nzima. Nikamwambia ninayo hiyo hiyo moja. Akanieleza kwamba nitaishi, nitachomwa sindano maisha yangu yote ili mwili usidhoofike, ila mtoto ndio basi. Hakukosea hata neno. Lakini nilitoka chumbani mwake na hasira ya kutaka kupigana na mtu, na hapakuwa na wa kupigana naye. Kufa nilikuwa sitaki. Kuzikwa bila mtu wa kuniita baba nako nilikuwa sitaki.

Kabla sijatoka nje ya hospitali, daktari huyo huyo akanifuata, akanambia tungoje kidogo kabla ya kukata. Kulikuwa na daktari wa upasuaji, mtoto wa upande wa Wete anayefanya kazi Bara, ambaye akija likizo kwao husaidia hospitali. Damu yangu ikachukuliwa, ikapelekwa Dar es Salaam kupimwa, na majibu yalipofika na yeye alikuwa ameshafika.

Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenye mikono midogo kama ya mwanamke msusi. Alinipaka mafuta ya baridi, akanipitishia kile kipimo cha picha, kisha akanigeuzia kioo.

"Kwaona?"

Niliona kidude cha mviringo, na ndani yake mviringo mwingine, na ndani yake mwingine tena, sawasawa na kitunguu kilichokatwa katikati.

"Saratani kwa kawaida haijipangi hivi," akasema. "Na damu yako safi. Nadhani hiki ni kifuko tu, kimejaa taka za ngozi, hakina ubaya. Nadhani, yakhe. Sijasema najua."

Nikamuuliza kama inawezekana kufumua pale penye doa tu, doa likatoka, pakashonwa, nguo ikabaki. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Fundi, hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Lakini alinipa masharti, na aliyatoa bila kucheka. Ataubana mshipa wa damu, ataichana korodani, atakitoa kivimbe kizima bila kukipasua. Akikuta ndani mambo sivyo alivyodhani, ataitoa yote pale pale mezani. Na hata akiiacha, kile kivimbe kitapelekwa Dar kutazamwa kwa darubini, na jibu likiwa baya nirudi kukatwa. Nikamwapia kwamba nitarudi kwa miguu yangu.

"Sasa lililobaki ni barafu," akasema.

Wakati mshipa umebanwa korodani haipati damu, na bila baridi itakufa, ikamfuata mwenziwe. Alitaka mifuko ya maji ya dripu igandishwe, barafu yake ipondwe ndani ya mifuko, korodani ilazwe humo. Siku hizo umeme kisiwani ulikuwa wa mgao. Jenereta la hospitali liliwasha taa za chumba cha upasuaji, na jokofu lao lilikuwa la kutunzia chanjo, halikuweza kugandisha. Akaniuliza kama mtaani kwetu kuna mwenye friza na jenereta lake. Alikuwapo mmoja tu, na jina lake nilikuwa nimeapa kutolitaja.

Hapa lazima nieleze siasa. Ilikuwa miaka ya vyama vingi, na Pemba uchaguzi ulikuwa hauishi kwa kuhesabu kura. Ukiisha, watu hususiana. Mtu wa chama kingine humnunulii, humsalimii, humwendei harusini, na wapo waliokataa hata kubeba jeneza. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mjane mwenye sauti ya kusikika mpaka mjini Mkoani, alikuwa wa hicho chama kingine. Mwanawe alimletea friza na jenereta, akawa anauza barafu za ukwaju, na mtaa mzima ukamsusia. Mtoto akirudi na midomo ya rangi ya ukwaju hupigwa. Mimi nilikuwa mbele katika kususia. Nguo ya rangi za chama chao haikupita chini ya sindano yangu, na nilijisifia.

"Mie n'takwenda kumwomba," mke wangu akasema.

"Heri nikatwe."

Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto aliyemwaga mchuzi. "Ukatwe! Kwani yako peke yako hiyo?"

Akavaa buibui lake, akachukua mifuko ya dripu kapuni, akavuka barabara baada ya sala ya alasiri, saa ambayo baraza zote zimejaa. Watu waliacha bao wakamtazama.

Aliporudi alinisimulia. Bibi yule alimwitikia salamu zote, na za watoto ambao hatukuwa nao. Mke wangu alikuwa amekusudia kusema ngiri, lakini alipomwona mwenziwe anamsikiliza akalia, akasema kweli yote. Jirani alifungua friza, akatoa barafu zake zote, biashara ya kesho yake nzima, akazitupa uani ziyayuke ili mifuko yetu ipate nafasi ya kulala vizuri. Kisha akasema, "Mwambie fundi siasa mwisho wake kitovuni. Za chini yake hazina chama."

Asubuhi ya upasuaji nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha magurudumu mlangoni pa chumba cha upasuaji, nikamwona jirani anakuja. Deli la barafu kichwani, na mwilini kanga ya chama chao, mpya, bado ina wanga.

"Usinitizame kanga," akasema. "Tizama wendako. Na hii siri yako n'nayo mie, haitoki."

Nilitaka kumwambia ahsante. Kitanda kikasukumwa ndani.

Nilichomwa sindano ya mgongo, nikafa ganzi kuanzia kiunoni, lakini masikio yalikuwa hai. Nilisikia barafu ikipondwa. Nilisikia vyuma vikiwekwa sahanini. Nilisoma kila sura ninayoijua, nikamaliza nikaanza tena. Halafu daktari akasema, "Kimetoka kizima," akaniletea juu ya kitambaa. Kilikuwa kigololi cheupe, kisafi, kama hakihusiani nami. Alikikata mbele yangu, na ndani kulikuwa kumejaa vigamba vyeupe mfano wa chicha ya nazi iliyokamuliwa.

"Kama nilivyodhani," akasema. "Narudisha damu."

Aliufungua mshipa, wote wakainama kutazama kitu ambacho mimi mwenyewe sikukiona. Nilizitazama nyuso zao juu ya vitambaa, nikawachukia kwa kunificha. Kisha muuguzi, mama mtu mzima, akasema kwa sauti ndogo, "Rangi inarudi." Daktari akasema alhamdulillahi, na mimi nikaipokea kwa sauti iliyofika mpaka nje, maana mke wangu aliniambia aliisikia, na jirani yangu akapiga kigelegele kwenye korido akaambiwa atoke.

Kungoja jibu la Dar kulinizeesha. Nilikuwa nashona kidogo na kuomba sana. Siku daktari wa upasuaji alipompigia simu mwenziwe wa Chake, aliletwa mtu akaniita, nikaenda natembea kwa miguu iliyopanuka kama ya mtoto aliyetoka jandoni. Si saratani. Nilimfanya daktari alirudie neno hilo, akalirudia, nikamwomba tena.

Kutoka pale sikupita nyumbani kwanza. Nilivuka barabara. Nilimwambia jirani alete kitambaa chochote, cha rangi yoyote, nitashona. Alikuwa mwanamke mwenye mzaha mbaya, akaleta cha rangi za chama chao. Nikamshonea gauni, nikalining'iniza mlangoni pa duka langu mchana kutwa. Baraza likaniuliza kama nimehama chama. Nikawajibu sijahama, chama changu ni kile kile na ubishi wangu ni ule ule, na mwenye la kusema aje na kitambaa chake.

Mwaka haukupita, mke wangu akakataa kunusa kitunguu. Nilitoka nje nikacheka peke yangu nyuma ya nyumba, na nilikuwa nikicheka machozi yananitoka. Alizaliwa mtoto wa kike, ana sauti, ana hasira. Wangu kabisa.

Siku ya akika watu walijaa. Jirani akaja na deli lake, akamimina juisi ya ukwaju yenye barafu katika bilauri zote, na bilauri zote zikabaki zimejaa. Watu wa mtaa wetu walikaa wanazitazama zinavyotoka jasho. Joto lilikuwa kali na hakuna aliyenyoosha mkono. Mimi damu ilikuwa imeshaanza kunichemka, nataka kusimama niwatukane wageni wangu, lakini yeye akanitangulia. Alimchukua mtoto mikononi mwa mama yake, akamwinua juu, akanitazama mimi kwanza kama anayeomba ruhusa. Nikamwitikia kwa kichwa.

"Nyie susieni," akasema. "Lakini huyu, kabla hajakaa tumboni kwa mamake, alikaa kwanza kwenye friza langu."

Wakaniangalia. Basi nikasimama, mbele ya wazee na wakwe, nikawaambia yote: ya mkarafuu, ya majani, ya kivimbe, ya barafu ya jirani iliyoiokoa ile moja, na ngiri ambayo haikuwa ngiri. Nikawaambia na wao wakigusa kitu kigumu huko wasingoje mizizi. Mzee mmoja aliyekuwa kinara wa kususia, aliyewahi kumchapa mjukuu wake kwa barafu ya ukwaju, akaanza kucheka mpaka kofia ikamwanguka. Akachukua bilauri, akanywa yote, akamnyooshea jirani yangu amtilie nyingine.