Msuli wa Baba

Kila nipitapo mahali wanapobabua miguu ya kuku, harufu ile ya kucha na ngozi inayoungua hunirudisha uani kwetu Kisauni, baba akiwa kwenye kigoda. Alikuwa hamali sokoni Kongowea, akisukuma mkokoteni wa magunia ya viazi yaliyoshushwa kutoka malori ya bara. Jumamosi mama alinunua miguu hiyo ya mchuzi, na kabla haijaingia sufuriani, baba aliniita.

"Sidi."

"Abee, baba."

Alichokonoa pale mguu ulipokatwa, akashika uzi mweupe, akauvuta. Vidole vya kuku vikajikunja kama vilivyo hai. Nilikimbilia nyuma ya mama, kisha nikarudi kutaka tena.

"Hii ni kano," alisema. "Msuli haujui kusukuma, hujua kuvuta tu. Ukijikaza huvuta kano, na kano imeshika mfupa, basi mfupa hufuata."

Halafu aliuweka mkono wangu juu ya mkono wake. Alipoukunja, msuli wa mbele ulivimba. Alipounyoosha, wa mbele ulilegea na wa nyuma ukakaza. Misuli hiyo miwili ilipokezana hivyo, na mimi nilicheka.

Nilikuwa darasa la tatu mkokoteni ulipomponyoka mteremkoni, akaudaka kwa mkono wa kulia. Wenzake waliomleta nyumbani walisema walisikia mlio kama wa kamba kukatika. Kesho yake alikwenda hospitali na mama, wakarudi jioni.

Uvimbe ulipopungua, msuli wake wa mbele ulikuwa umepanda karibu na bega, mviringo kama chungwa, mkubwa kuliko zamani. Niwaambie ukweli, nilifurahi. Niliamini baba amezidi nguvu. Nikawaleta wenzangu wanne wa shule waje kuuona.

"Baba, waonyeshe."

Mama alitaka kusema neno. Baba akamtazama. Akaukunja mkono polepole, jasho likimtoka usoni. Watoto wakaugusa kwa zamu.

"Wamemaliza wote?" aliuliza.

"Bado Mwanaisha."

Akaushikilia vivyo hivyo mpaka Mwanaisha akamaliza.

Hakurudi tena kwenye mkokoteni. Mama akaanza kuwafulia watu nguo, na hata kuzikamua baba hakuweza kumsaidia. Mimi niliona aibu. Siku moja, mama akiwa kazini, nilimwambia, "Una nguvu zote hizo na huendi kazini."

Alinitazama kidogo. "Nitakwenda, mwanangu."

Miaka mingi baadaye, nikisomea utabibu wa viungo, mwalimu alituonyesha picha ya mkono wa mgonjwa. Lilikuwa chungwa lile lile. Alieleza kwamba kano imekatika penye kiwiko, na msuli umerudi juu kwa kuwa hauna tena mfupa wa kuvuta. Nilitoka darasani, nikampigia mama simu. Baba tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia.

"Alijua?" nilimuuliza.

"Tangu siku ile ya hospitali. Walitaka kumpasua waishone kano, hatukuwa na uwezo."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nilitaka, siku ile ulipowaleta wenzio. Walipoondoka akanikataza. Alisema, mwache, hajawahi kujivunia kitu chetu namna ile."

Nilisubiri aseme na lile jingine, nililomwambia baba kuhusu kazi. Hakulitaja, nami nikatambua kwamba baba hakuwahi kumsimulia. Alikwenda nalo.