Mama Pasipoti na Geti la Kiwanda cha Sabuni

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasipoti, kwa sababu hapakuwa na uso ambao hakuupiga picha ndogo ya kubandika kwenye kitambulisho. "Inua kidevu, usinitolee macho kama umeona askari," aliwaambia wateja. Wakilegea tu, anabonyeza.

Alipofunga studio hakutulia. Mjomba wake, aliyekuwa mpiga picha wa kiwanda cha sabuni, alimwachia sanduku la picha za zamani: dohani zikifuka moshi, matangi ya mafuta, maghala. Kiwanda chenyewe kilishafungwa zamani. Mama Pasipoti akaanza kuzunguka na kamera, akisimama pale pale aliposimama mjomba na kupiga picha ile ile upya, watu waone mji wao ulivyogeuka.

Kazi hiyo haikuwa lelemama. Alishika picha ya zamani mkononi, akasogea kushoto, akarudi nyuma, akachuchumaa, mpaka ncha ya dohani ikae sawa na kona ya ghala kama ilivyokaa kwa mjomba. Kivuli kisipolala vile, alirudi msimu mwingine. Wapita njia walidhani amepoteza kitu.

"Umeangusha nini, mama?"

"Tangi la mafuta," aliwajibu, uso mkavu.

Picha moja ilimtoa jasho. Ilionyesha wafanyakazi wakimiminika getini, na mjomba aliipiga kutoka dirisha la juu la ofisi ya mizani. Ofisi ilishabomolewa, na mahali pake paliinuka jengo la ghorofa. Alipopima kwa macho, dirisha la mjomba liliangukia jikoni kwa watu.

Akapanda ngazi, akabisha hodi. Aliyefungua alikuwa fundi wa boila wa kiwanda hicho hicho, sasa mzee. Alipoelezwa shida, uso ukamkunjamana.

"Kiwanda hicho sitaki hata kukisikia. Nimekitumikia ujana wangu wote, siku ya mwisho tukakuta kufuli getini. Hata asante hatukuambiwa."

"Pole, kaka. Sikuja kukutonesha kidonda," alisema Mama Pasipoti, akageuka ashuke.

Lakini mke wa fundi alikuwa ameshachungulia begani kwa mumewe na kuidaka picha.

"Mume wangu, huyu anayekimbia na kopo la chai si wewe?"

"Si mimi."

"Si wewe! Na hilo shati nililokushonea mwenyewe, mfuko umekwenda upande?"

Fundi akavaa miwani. Kidole kikaanza kutembea juu ya picha: huyu alikuwa mpakiaji, huyu alikuwa na utani usioisha, huyu ametangulia mbele ya haki. Sauti ilikuwa imelainika.

"Ingia basi, dada. Ila usilitazame jiko, vyombo havijaoshwa."

Chini ya dirisha la jiko, geti lilikuwa bado lipo, limeliwa na kutu. Nyuma yake palikuwa na karakana ya matairi, na nyumba za watu zimejipanga hadi upeo wa macho. Siku zote Mama Pasipoti alikuwa akisubiri watu waondoke ndipo apige. Safari hii aliitazama picha ya mjomba, akawatazama wenyeji wake.

"Shukeni mkasimame pale getini."

Wakashuka. Mke alijitengeneza kitambaa cha kichwa. Fundi alisimama wima kama gogo, halafu ghafla akaanza kukimbia, na goti lake bovu, kama anawahi foleni ya chai. Mkewe akacheka mpaka akashika geti. Juu dirishani, Mama Pasipoti alibonyeza huku machozi yakimlenga.

Habari zikaenea. Waliowahi kufanya kazi pale wakaanza kumtafuta, kila mmoja akitaka kusimama mahali pake pa zamani. Picha zikatundikwa mbili mbili, ya kale na ya sasa, kwenye ukumbi wa shule. Fundi wa boila alishinda humo, akiwaeleza vijana moto ulivyowashwa na nani aliunguza nyusi.

Watu walipomtafuta Mama Pasipoti wampongeze, hawakumwona ukumbini. Alikuwa nje, mtu mzima na gauni lake, juu ya ukuta wa ghala la reli, picha nyingine ya mjomba mkononi, mke wa fundi akimshikilia ngazi kwa mikono miwili.

"Shuka, dada, utavunjika!"

"Tulia hivyo hivyo. Jua limekaa vizuri."