Fundi Nyuma ya Pazia

Juzi nilimwita fundi kijana aje kunibadilishia holda ya taa ya barazani. Akapanda juu ya kiti, akachomoa waya, akaanza kuumenya kwa meno, na swichi kuu hata hajaigusa. Nilipiga ukelele uliomtoa jirani nyumbani kwake. Kijana akacheka, "Bibi, usihofu, mie nimezoea." Rafiki yangu, mimi sikucheka. Nilikwenda mwenyewe kuizima swichi kuu, nikasimama pale mpaka akamaliza. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nililelewa na bibi yangu, mzaa mama, huko Temeke, enzi za Mwingereza. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na chokaa, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani palikuwa na mafiga ambako mama mdogo alichoma vitumbua kwa moto wa vifuu. Mtaa mzima uliwasha koroboi, lakini sie tulikuwa na umeme. Babu alifanya kazi gatini Kurasini, na nguzo za waya zilipopita karibu nasi kwenda kwenye nyumba za watumishi wa serikali, hakutulia mpaka nasi tukavutiwa waya. Taa zenyewe zilikuwa mbili tu: moja ukumbini, nyingine chumbani kwao, ya ukutani juu ya kitanda, yenye shingo ya shaba na kiswichi chake hapo hapo shingoni. Watu walikuja kwa kisingizio cha kuomba chumvi, kumbe wanataka kuona inavyowaka. Tuliringa sie, acha tu!

Bibi alikuwa akishona kofia. Vidole vyake vilikuwa vyepesi hata uzeeni, ila macho yalikuwa yameanza kufifia, basi kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano na kumtazamia kama mshono umekaa sawa. "Macho yangu ni wewe," alikuwa akiniambia. Uzi mmoja ukibaki unaning'inia hakuna aliyejali; kofia ikiisha, aliukata kwa meno na kuutema pembeni.

Kisha babu akafariki, na bibi akakaa eda. Miezi minne na siku kumi chumbani, nguo nyeupe, dirisha limefungwa, pazia zito mlangoni, asionane na mwanamume asiye maharimu wake wala asisemezane naye. Mimi ndiye niliyeingia na kutoka, nikimpelekea uji, maji ya udhu na habari za mtaa. Mwezi wa tatu taa ya chumbani ikaanza kunuka mpira unaoungua. Siku moja bibi akaniambia kwamba alipoishika shingo, ilimfinya.

Mtaani kwetu fundi wa umeme alikuwa mmoja, jirani wa nyumba ya pili, Mkristo mtu wa bara, mpole kupita kiasi, ambaye siku za kazi alitengeneza nyaya katika majumba ya Wazungu. Alikuja upesi, akavua viatu mlangoni, akaambiwa haingii. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliulizwa, naye akasema dharura ina hukumu yake: mjane ajifunike shuka gubigubi, fundi aingie na mtu wa nyumbani, atengeneze, atoke. Aliyekataa ni bibi mwenyewe.

"Mume hajamaliza miezi minne kaburini, watu waseme kashaingiza mwanamume chumbani? Nitauweka wapi uso wangu?"

Fundi akaomba basi taa izimwe mpaka eda iishe. Bibi akakataa vilevile. Moshi wa koroboi ulimpandisha pumu, na tena taa ile aliiweka mumewe kwa mkono wake, hawezi kuitia giza yeye. Mama mdogo alikuwa akiogopa umeme kuliko nyoka, hata kuushika waya hakutaka. Tukakwama hapo, watu wazima watatu na mtoto mmoja, kila mmoja na sababu yake nzuri.

Ndipo fundi akasema atamwongoza bibi kwa maneno. Kwanza aliishusha swichi kuu ukumbini, akachomoa fyuzi, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. "Sasa hata akija mjinga, hawezi kuwasha," akasema. Akaketi juu ya kigoda mbele ya pazia, ameligeuzia mgongo, akapenyeza vifaa chini yake: bisibisi, koleo, kisu kidogo. Mama mdogo akamfungulia bibi dirisha nusu apate mwanga. Mimi nilikaa ndani, nikibeba maneno. Bibi alinong'ona na fundi alimsikia vizuri kabisa, lakini adabu ilimtaka asubiri mpaka mimi niyarudie.

"Mwambie bibi atoe globu. Afungue ile pete, aivute holda taratibu. Waya ziko ngapi?"

"Mbili, anasema."

"Rangi?"

Bibi alizisogeza machoni. Nyaya zilikuwa zimevishwa kitambaa, na moshi wa udi wa miaka yote ile ulikuwa umezigeuza zote rangi ya chai. Fundi aliposikia hivyo akasema bibi akate palipoungua, amenye kila waya upana wa ukucha wa kidole gumba, azisokote nyuzi za ndani kama anavyosokota uzi wa kofia, azibane chini ya skrubu, halafu auvute waya polepole aone kama umeshika. Bibi alifanya vyote. Mtu angemwona angedhani kazaliwa na kazi hiyo.

"Sasa hili ndilo kubwa," fundi akasema. "Kuna uzi wowote uliobaki nje? Hata mmoja?"

Bibi akanigeukia. "Mjukuu wangu, tazama wewe."

Nje wenzangu walikuwa wakicheza rede, na zamu yangu ilikuwa ikipita. Nilitazama. Nilikiona kiuzi kimoja, chembamba, kimechomoza pembeni ya skrubu. Uongo sisemi, nilikiona. Lakini kwetu uzi mmoja haukuwa kitu, ulikuwa wa kukatwa kwa meno baadaye. Nikasema, "Hakuna."

Fundi aliuliza mara tatu, nami mara tatu nikamjibu hivyo hivyo.

Alirudisha fyuzi, taa ikawaka, bibi akasema alhamdulillahi kwa sauti iliyopita pazia. Mama mdogo alileta chai na vitumbua. Fundi hakula kwa raha. "Kuwaka si kupona," akasema. "Taa mbovu nayo huwaka. Niacheni niingie, nipime kidogo tu." Jibu la bibi likaja kupitia kwangu: mwambie eda imebaki kama mwezi tu, ikiisha aje anywe chai chumbani, aipime mpaka achoke. Tangu siku hiyo kila jioni alipita barazani kuuliza kama bibi hajambo, na kutukumbusha: asiishike kwa mkono wenye maji, na umeme ukimnasa mtu asiguswe, mkimbilie swichi.

Ilikuwa imebaki wiki moja. Magharibi ilikuwa inaingia, na bibi alikuwa ametoka kutia udhu, miguu mitupu juu ya saruji, mikono inachuruzika. Alikuwa anaharakia swala. Mimi nilikuwa natandika msala. Sikusikia kelele, nilisikia pumzi tu, kama mtu aliyetaka kuanza kusema. Nikageuka nikamwona ameishika shingo ya taa na haiachii.

Sikumgusa. Nilikimbilia swichi kama nilivyofundishwa. Swichi ilikuwa juu, babu aliiweka juu makusudi ili mtoto asiichezee. Niliruka, nikaruka tena, kucha zikakwaruza ukuta. Nilimwita mama mdogo mpaka sauti ikanikauka. Alikuja mbio na mchi wa kinu, akaipiga swichi kwa juu mpaka ikashuka. Bibi alikuwa ameshaanguka.

Basi chumba kikajaa. Walikuja majirani, akaja mwalimu, wakaja wapita njia ambao hata hawakumjua, na hakuna aliyepiga hodi. Mtu alilivuta pazia likaanguka, wakalikanyaga. Fundi aliingia nao. Bibi alipofunikwa, alichomoa fyuzi, akapanda kwenye ubavu wa kitanda, akaifungua holda. Haikuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Uzi mmoja ulikuwa umepinda na kulala juu ya shaba ya shingo, ukaitia umeme. Aliutazama, kisha akanitazama mimi.

"Ni nini?" mwalimu akauliza.

"Kosa langu," fundi akasema. "Nilimwelekeza vibaya."

Watu walilipokea neno hilo upesi sana. Haikupita siku nyingi mtaa ukawa unasema mtu wa bara kamuua mjane, na hakuna aliyemwita tena, hata kwa kukaza globu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kila asubuhi niliamka nikiwa na nia ya kusema, na kila jioni nililala sijasema.

Nyumba yetu haipo. Pale sasa kuna gesti yenye taa za rangi zote, zinawaka mchana kutwa na hakuna anayezitazama. Nyaya za kuvishwa kitambaa hazipo, na wajane wanaokaa nyuma ya pazia zito namna ile sijui kama wamebaki wangapi. Mama mdogo amekwenda, mwalimu amekwenda. Hao wote nimewalilia na nimewamaliza. Nisiyeweza kummaliza ni fundi.

Siku aliyohama alipakia kitanda na sanduku lake juu ya mkokoteni, akaja barazani kutuaga. Mama mdogo hakutoka. Nilikuwa peke yangu, na neno lililoweza kumrudishia heshima yake lilikuwa mdomoni mwangu. Alichuchumaa mbele yangu, akanishika bega.

"Umekula, mwanangu?"

Nikasema nimekula. Akainuka, akaondoka.