Sekunde Thelathini za Mama Getrude

Kwa mujibu wa kompyuta ya Mbinga, mwezi wa tatu Mama Getrude alishindwa kuingia kwenye mfumo mara mia mbili na kumi na moja. Kwa mujibu wa watu wa ziwani, hakukosa kazini hata siku moja. Pande zote mbili zilisema kweli.

Alikuwa karani wa mapokezi wa kituo cha afya cha shirika, kando ya ziwa, mwaka wa ishirini na sita huo, akibakiza mitatu kustaafu. Zamani mafaili ya wagonjwa yalikaa kabatini nyuma ya mgongo wake. Kisha shirika likayaingiza yote kwenye kompyuta moja kubwa ofisini Mbinga, na yeye akapewa ndogo ya kuifungulia ile kubwa akiwa hukuhuku chini ziwani. Ukibonyeza, kinatokea kisanduku cha kuandikia neno la siri. Kisanduku kilipangiwa kusubiri sekunde thelathini tu. Mtandao wa ziwani ulikula kumi kabla hata hakijaonekana. Ishirini zilizobaki zinamtosha mtu asiye na watu.

Mama Getrude alikuwa na watu. Saa moja na nusu asubuhi wazee wa kliniki ya presha wanakuwa wameshajaa mlangoni, na mzee wa huko hasalimiwi kwa kutikisa kichwa. Mwanamke anainuka, anapiga goti, anapiga makofi taratibu, anaamkia, kisha anatulia aulizwe habari za nyumbani, za mihogo, za mume na mguu wake. Hakuna binadamu aliyewahi kuandika neno la siri huku anapiga makofi. Akirudi kitini, kisanduku kimejifunga. Kikijifunga mara tatu, kompyuta ya Mbinga inamdhania mwizi na kumfungia nusu saa nzima.

Daktari Allen, mganga mfawidhi, aliandaa tangazo la kubandika mlangoni: *Tafadhali usimsalimie karani anapofungua mfumo.* Mama Getrude alilisoma, akausifu mwandiko, akalikunja mara nne na kulitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza.

Mwezi wa nne ikaja barua. Ilisema kituo kina karani asiyeumudu mfumo, kwamba fundi atashuka kuthibitisha, na akithibitisha, karani huyo atahamishiwa ghala la Kitai kuhesabu mashuka. Kitai ni mbali na mume asiyeweza kutembea. Mama Getrude aliisoma mara mbili, akaenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kuwaamkia watu.

Fundi, kijana wa Matiri aitwaye Mansuetus, alifika Alhamisi alasiri, kliniki imeshafungwa na benchi halina mtu.

“Shikamoo, mama. Naomba uingie kwenye mfumo nikuone.”

“Marahaba, mwanangu.”

Alitumia sekunde tisa. Vidole hivyo vilianzia kwenye taipureta ya misheni, havikuhitaji hata kutazamwa. Mansuetus akatazama saa yake, kisha akazitazama karatasi zake.

“Sasa mara mia mbili na kumi na moja zimetoka wapi?”

“Asubuhi mambo ni mengi.”

Jibu hilo halikumwingia akilini. Akasema kesho ataketi kwenye kiti hicho yeye mwenyewe, na Mama Getrude akamwambia karibu.

Kesho yake kisanduku kilitokea, na fundi alikuwa ameandika herufi nne tu mzee Raimundi alipoingia na fimbo yake. Mansuetus alikuwa amelelewa vizuri. Akainuka.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Mgeni wewe. Wa wapi?”

“Matiri.”

“Matiri kwa nani?”

Akaeleza kwa nani. Mzee Raimundi aliwahi kununua mbegu za maharage huko, akataka kujua yule muuzaji kama bado yu hai. Kisanduku kikajifunga. Mara ya pili ilikuwa mzee mwingine, naye alikuwa hasikii vizuri, ikabidi ukoo wote urudiwe kwa sauti. Mara ya tatu ilikuwa Bibi Rosina, ambaye alimshika mkono na hakuuachia. Saa mbili kasoro kumi, fundi wa shirika alikuwa amefungiwa nje na mtambo alioupanga kwa mikono yake.

“Mama, kwa nini hukutuambia?”

“Nikwambie nini, mwanangu? Niwashitaki wazee kwamba wananisalimia?”

Mansuetus akatoa simu. Kuongeza sekunde kulihitaji ruhusa ya Bwana Methodi, mkuu wa mifumo Mbinga, mtu aliyewahi kuirudisha kadi ya pole kwa sababu haikuwa na tarehe. Fomu ilikuwa kwenye simu yake, yenye sehemu ya kuandika sababu. Aliandika *mtandao hafifu*, akaona anadanganya, akafuta. Mwishowe akaandika: *Naomba dakika tatu. Uwezo wa karani nimeuthibitisha, unanizidi. Asubuhi hii Bibi Rosina alinisalimia.*

“Tatu hazitoshi,” alisema Mama Getrude, akichungulia begani kwake. “Bibi Rosina peke yake ni mbili na nusu.”

Ilikuwa imeshatumwa. Wakangoja. Mama Getrude alikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita hakumsikia mtu aliyeingia.

Jibu lilikuja kabla ya saa nne. Mansuetus alilisoma kwa sauti: “Weka dakika tano. Uhamisho umefutwa. Bibi Rosina ndiye aliyenilea, nina miaka tisa sijashuka. Mwambie shikamoo.”

Mansuetus akabadilisha tarakimu. Mama Getrude akabonyeza, kisanduku kikatokea, naye akainuka akaenda kwenye benchi, akapiga goti na kuifikisha salamu. Bibi Rosina aliipokea kwa mikono miwili, akauliza Methodi ana watoto wangapi sasa, na kama anakula. Ndani, kisanduku kikasubiri.