Wanaume Mbele ya Kamyo

Juzi tulipomzika baba, wanaume walizunguka kaburi, vichwa chini. Mimi nikawageuzia mgongo. Dada yangu alinishika mkono, akidhani nimeshindwa kuangalia. Mimi nilikuwa nakumbuka safari moja.

Nilikuwa mtoto, tukirudi Élisabethville kutoka Kasenga. Baba aliendesha kamyo ya samaki. Mama na mimi tulikaa mbele pamoja naye, wapakizi watatu juu ya mizigo. Tulikuta daraja la mto mkavu limevunjika, baba akakata porini, na kisiki kikapasua mpira wa maji ya moteri. Mvuke ulipiga kelele, halafu moteri ikanyamaza. Baba alifunga ule mpira kwa kipande cha liputa aliyojifunga mama, lakini maji yote yalikuwa yamemwagika, hata ya kunywa tulishayamaliza. Jua lilichoma. Samaki walianza kunuka.

Baba aliwaita wapakizi mbele ya kamyo, ameshika kopo tupu. Walisimama karibu karibu, wakatugeuzia mgongo, wakainamisha vichwa. Nikajua wanaiombea, kama maiti.

"Geuka kule, mwana wangu," mama aliniambia. "Usibaangalie ba papa."

"Na siye tuombe?"

"Geuka tu!"

Alikuwa anacheka. Sikuelewa mtu anachekaje kwenye kilio.

Baba alimimina kopo ndani ya moteri, akawasha. Kamyo ikafufuka, ikinuka kama choo.

Siku hizi najua walikuwa wanakojoa ndani ya lile kopo. Lakini kule makaburini niligeuka, nikasubiri moteri iwake.